Mke Alipojibu: Kisa cha Wimbo wa Respect

Waandishi wenzangu, leo naomba tuweke kando riwaya na mashairi, tuzungumze wimbo. Najua wapo watakaoguna: gazeti la fasihi, muziki wa Marekani umeingiaje humu? Vumilieni kidogo. Wimbo wenyewe haufiki dakika mbili na nusu, lakini kuhusu kazi ya kuandika hadithi umenifundisha mengi kupita vitabu kadhaa vya nadharia nilivyoazima na kuvirudisha kabla sijavimaliza.

Wimbo ni Respect. Muulize yeyote mtaani anayependa muziki wa zamani, atakuambia ni wa Aretha Franklin. Mimi nami nilijua hivyo. Ulikuwamo kwenye kaseti moja ya marehemu baba, upande wa pili, na niliukariri kabla sijawa na Kiingereza cha kuuelewa. Siku moja mshikaji wangu mmoja, aliyejaza nyimbo za kale kwenye simu yake, akanisikilizisha Respect nyingine. Sauti ya mwanamume. Nikamwambia, bwana wee, huyu kamwibia Aretha. Jamaa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe huyo ndiye mwenyewe.

Mwenyewe ni Otis Redding. Alizaliwa mwaka 1941 huko Dawson, katika jimbo la Georgia, akakulia mji wa Macon. Respect aliirekodi Julai 1965 katika studio za Stax mjini Memphis, ikawamo kwenye albamu yake ya Otis Blue. Kwenye chati ya R&B ilipanda hadi nafasi ya 4, na kwenye chati ya jumla ya Billboard ikaishia ya 35. Si haba. Isingetokea lililotokea, leo tungeikumbuka kama mojawapo ya nyimbo nzuri za Otis, basi.

Kisa chake ni kifupi. Mwanamume anarudi nyumbani. Kahangaika huko alikokuwa, ana fedha, na fedha hizo anakuja kumkabidhi mwenzake. Anachoomba ni heshima kidogo tu akishafika. Tena anajishusha kiasi cha kushangaza: akiwa hayupo, mwanamke na afanye atakavyo, hata kumkosea amkosee, ila yeye akishakanyaga kizingiti apewe heshima yake.

Wahakiki wengi wakifika hapa hupita mbio. Kwao wimbo wa Otis ni ngazi ya kumpandia Aretha. Wengine humaliza kwa kusema ni wimbo wa mfumo dume, wakafunga daftari. Mimi nakataa. Usikilize vizuri. Tarumbeta na saksafoni zinamkimbiza tangu mwanzo, na Al Jackson anapiga ngoma kama mtu anayegonga mlango usiku. Otis hana pumzi. Huyu si bwana mkubwa anayeamrisha chakula kiletwe mezani. Ni mtu anayeogopa kwamba atafika na mlango hautafunguliwa. Kumwandika mwanamume namna hiyo, mwenye fedha mkononi na bado anabembeleza, si jambo jepesi, na nawaomba wenzangu mnaoandika waume wenye vifua vipana mjaribu siku moja muone.

Wimbo huo ulimjiaje? Ipo simulizi kwamba wazo lilitoka kwa huyohuyo Al Jackson. Otis alikuwa akilalamika juu ya maisha ya safari na maonyesho yasiyoisha, mpiga ngoma akamjibu kwamba mtu wa barabarani kama wao asitarajie makubwa, akipata heshima kidogo akirudi kwake ashukuru. Ipo na simulizi nyingine, na hii naomba muishike kwa sababu tutaihitaji mbele. Inasemekana wimbo ulianza kama wa polepole, ukaletwa kwa Otis na mwenzake wa kazi aliyeitwa Speedo Sims, ambaye alitaka kuuimba na kundi lake. Haukumkaa vizuri. Otis akaomba auchukue, akaubadilisha, akauongezea kasi, akauimba yeye. Kwenye karatasi ya mtunzi likabaki jina moja, la Otis.

Sasa tuje kwenye kasoro, maana ipo. Katika wimbo wote wa 1965, huyo anayerudiwa nyumbani hana neno. Tunajua ni mtamu, tunajua anaweza kukosa, tunajua atapewa fedha. Yeye anaonaje? Hatuambiwi.

Hapa niseme la kwangu, kwa sababu bila hilo nisingeandika makala haya. Mwaka juzi niliandika hadithi ya utingo wa lori anayerudi nyumbani baada ya miezi mitatu ya barabara. Niliiona kali sana. Nilikuwa na vumbi, nilikuwa na bundi, nilikuwa na mvua inayotishia kunyesha isinyeshe. Nikampelekea dada yangu aisome. Dada ni fundi cherehani, kazi yake kusikiliza wateja kutwa, na hana adabu ya kusifia. Akasoma huku anakula. Alipomaliza akaniuliza, "Kaka, huyu mke ana jina?"

Sikuwa nimempa. Kurasa kumi na nne, na mke wa utingo alikuwa na sentensi moja tu: "Karibu, baba Zuhura." Nikajitetea kwamba hadithi ni ya mume. Dada akasema, haya, mimi nitakuambia miezi mitatu hiyo mke alikula nini. Akaanza kusema. Alisema hadi chai ikapoa, na mimi nikaona hadithi yangu imehama mikono.

Ndivyo alivyofanya Aretha. Na yeye, cha ajabu, alizaliwa Memphis hukohuko ambako Otis alirekodi, mwaka 1942, ingawa alikulia Detroit ambako baba yake, mchungaji C. L. Franklin, aliongoza kanisa la New Bethel Baptist. Alianza kuimba kanisani. Mwaka 1960 alisaini mkataba na kampuni ya Columbia, na kwa miaka sita hivi akaimbishwa mambo mengi mazuri yasiyomhusu. Nasema yasiyomhusu kwa makusudi. Sauti ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mahali pa kusimamia.

Mwishoni mwa 1966 akahamia Atlantic, kwa mtayarishaji Jerry Wexler. Januari 1967 Wexler akampeleka studio za FAME huko Muscle Shoals, Alabama, wakarekodi wimbo mmoja ukawa moto. Wa pili haukuisha. Ulevi ukaingia, ugomvi ukazuka kati ya mume wake, Ted White, na watu wa studio, kazi ikavunjika, Aretha akaondoka. Ikabidi wapigaji wa Muscle Shoals waitwe New York kumalizia albamu: Roger Hawkins kwenye ngoma, Tommy Cogbill kwenye besi, Spooner Oldham kwenye kinanda, na wengine. Katika awamu hiyo, tarehe 14 Februari 1967, Respect ikarekodiwa. Aretha mwenyewe alikaa kwenye piano. Alikuwa tayari ameshauimba wimbo huo majukwaani, kwa hiyo alifika studio akijua anachokitaka. Hakufika kujaribu.

Natamani kila mwandishi chipukizi akae na matoleo haya mawili na penseli mkononi, aweke alama panapotofautiana. Utashangaa jinsi maneno yaliyobadilishwa yalivyo machache.

Kwanza, anayezungumza. Ukiweka "mimi" ya mke pale palipokuwa na "mimi" ya mume, sentensi zilezile zinapata maana nyingine. Mfano mzuri ni fedha. Kwa Otis, kumpa mwenzako fedha zote ni jambo la kawaida, mume kazi yake si ndiyo hiyo? Aretha hakuiondoa sehemu hiyo. Aliiacha. Basi sasa ni mwanamke mwenye fedha zake anayezileta mezani, na ni mwaka 1967. Hakuhitaji kuongeza hotuba yoyote kuhusu usawa. Kubakiza sentensi kulitosha.

Pili, suala la kukosea. Otis aliruhusu akosewe akiwa mbali. Aretha anaugeuza mlango huo: yeye hatamkosea mwenzake akiwa hayupo, na sababu anayoitoa ni kwamba mwenyewe hataki. Hasemi ameogopa, wala hasemi amekatazwa. Hapo ndipo mke wa wimbo alipopata jina, kama angesema dada yangu.

Tatu, na hili ndilo lililoufanya wimbo uimbwe dunia nzima, ni mambo ambayo kwa Otis hayakuwamo kabisa. Neno lenyewe la heshima linasitishwa, linatajwa herufi moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayemwandikia ubaoni mtoto mzito wa kuelewa. Nyuma yake wanaitikia dada zake wa damu, Carolyn na Erma. Wanarusha maneno ya vijiweni ya wakati ule, wanarudiarudia silabi ambayo pia ndiyo kifupi cha jina la Aretha nyumbani kwao. Aretha aliwahi kusimulia kwamba mambo hayo waliyabuni yeye na Carolyn. Mimi nikisikia waitikiaji hao naona jikoni: mke anasema, na mashoga wawili nyuma wanamwitikia, mwambie, mwambie. Mume wa Otis alikuwa peke yake barabarani. Mke wa Aretha ana mashahidi.

Na kuna kipande cha katikati. Toleo la Otis halikuwa nacho, ni mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. New York walichukua mfuatano wa sauti kutoka wimbo mwingine, When Something Is Wrong with My Baby wa Sam and Dave, wakampa King Curtis apulize saksafoni juu yake. Ghafla wimbo unahama nyumba, unapumua, kisha unarudi ulikotoka ukiwa na nguvu mpya. Mtu akiniambia kwamba huko ni kuiba nitamwuliza: ulisikia mshono? Mimi sikuusikia mpaka niliposoma.

Jambo moja sikubaliani na mashabiki wake. Wanasema Aretha alileta usawa kwenye wimbo, kwamba sasa tunasikia pande zote. Si kweli. Sikilizeni tena. Sasa mume ndiye asiye na neno. Amekaa kwenye kiti, anaambiwa. Aretha hakumpa hata sentensi moja ya kujitetea, na nadhani alifanya vyema. Wimbo si baraza la usuluhishi. Tatizo la hadithi yangu ya utingo halikuwa kwamba mume alizungumza mno. Niliamini kwamba nikimweka mke pale mlangoni nimeshamwandika.

Jambo jingine ni hili la kuufanya wimbo kuwa bango. Ulitoka kama santuri moja mwezi Aprili 1967, na mwezi Juni ukakaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki mbili. Kwenye chati ya R&B uliongoza wiki nane. Mwezi Julai Detroit, mji wa Aretha, ukalipuka kwa ghasia. Weusi waliokuwa wakidai haki zao wakauchukua wimbo, wanawake waliokuwa wakidai zao wakauchukua pia, na wote walikuwa na sababu. Neno moja likabeba mzigo wa taifa. Februari 1968 Martin Luther King, rafiki wa baba yake, alisafiri hadi Detroit kumkabidhi tuzo, na mwezi huohuo wimbo ukapata tuzo mbili za Grammy.

Sawa. Lakini bango limeuvua wimbo nguo yake moja. Heshima anayoidai mke huyu si ya barabarani peke yake. Kuna utani wa chumbani mule, kuna kitu ambacho Waswahili tungekiita haki ya unyumba, na anaidai huku anacheka. Wazee wetu wanaoupiga wimbo huu kwenye sherehe za kuagana na wafanyakazi wastaafu nadhani hawajausikiliza vizuri, au wameusikiliza na wameamua kunyamaza. Ukiuondoa utani huo unabaki na hotuba, na hotuba haichezeki. Siri ya Aretha ni kwamba aliweza kudai haki na kutania katika pumzi moja. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo bila mhusika wako kugeuka mhubiri.

Wapo pia wanaotaka kuusoma wimbo kama shajara ya ndoa yake. Ndoa na Ted White haikuwa njema na ilivunjika 1969, hilo linajulikana. Ila mimi huona ni uvivu. Mwanamume akiimba tunasifu ufundi wake, mwanamke akiimba tunatafuta nani kamliza. Tumeshaona alichofanya kwa penseli na piano. Huo ni ufundi.

Turudi kwa Otis, maana hatujamalizana naye. Tarehe 17 Juni 1967, wimbo ukiwa ndio kwanza umetoka kileleni, Otis alipanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California. Kabla ya kuimba Respect aliwaambia watu kwa utani kwamba huu ni wimbo ambao msichana mmoja, rafiki yake, amemnyang'anya. Watu wakacheka. Kisha akauimba kwa kasi ya ajabu, kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Miezi sita baadaye, tarehe 10 Desemba, ndege yake ilianguka ziwani karibu na Madison, Wisconsin. Alikuwa na miaka 26. Umri huo ukinikuta mimi sijachapisha kitabu, sijui nitasema nini.

Utani wa Monterey ni mzuri, lakini ukiuchunguza una pande mbili, na hapa ndipo naomba mumkumbuke Speedo Sims. Anayelalamika kwamba kanyang'anywa ndiye aliyeutoa wimbo mikononi mwa mwingine, kama simulizi ile ni ya kweli. Na aliyenyang'anya, je, alipata nini? Sheria ya Marekani ilikuwa hivi: redio ikipiga wimbo, inamlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji halipwi. Aretha alifariki tarehe 16 Agosti 2018 akiwa na miaka 76, na tangu 1967 hadi siku hiyo redio za Marekani zilikuwa zikiipiga Respect yake asubuhi na jioni bila ya yeye kupata senti moja ya mrabaha kwa kupigwa huko. Fedha zilikwenda upande wa Otis. Herufi zile zilizotajwa moja moja, waitikiaji wale, kile kipande cha katikati, vyote kwa sheria vilihesabiwa kuwa ni namna ya kuimba, havikuhesabiwa kuwa utunzi. Mwaka 2021 jarida la Rolling Stone liliuweka wimbo huo namba moja katika orodha yake ya nyimbo 500 bora kuliko zote. Ni toleo la Aretha. Mtunzi: Otis Redding.

Nimejaribu kumkasirikia Otis, nimeshindwa. Bila mume wake yule mwenye woga, mke asingekuwa na wa kumjibu. Nimejaribu pia kusema sheria ni sheria, nalo nimeshindwa, kwa sababu ninayo hadithi mezani.

Hadithi ya utingo nimeiandika upya mara mbili. Mke sasa anaitwa Mwajuma, anauza vitumbua, na ndiye anayeisimulia. Karibu kila kitu anachosema kilitoka kinywani mwa dada siku ile chai ilipopoa: deni la dukani, mlango aliougomea kuufunga kwa kitasa kipya, wasiwasi wake kwamba mume akirudi atamkuta ameshazoea kulala katikati ya kitanda. Mimi nimeleta lori, barabara na vituo vya mkato. Bundi nimemfukuza.

Mhariri mmoja kaipenda, anataka kuichapa, na kaniambia nimletee nakala safi yenye jina la mwandishi juu. Jina moja, maana fomu yao ina mstari mmoja. Nimemweleza dada. Kaniambia, "Andika lako, kaka, mimi nina nguo za harusi za watu," akakanyaga cherehani. Nimeichapa yote, kurasa kumi na saba. Juu ya ukurasa wa kwanza bado ni peupe.